Pwani na Njia za Kisiwa cha Pemba

Watu wengi walioandika habari za visiwa vyetu wameandika zaidi habari za Unguja, na Pemba wameitaja kwa maneno machache, kana kwamba ni mdogo asiye na la kusema mbele ya mkubwa wake. Husema kwamba ni kisiwa cha karafuu, na kwamba Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani, na kwamba waganga wake wana sifa, kisha hupita. Sisi katika kurasa hizi twakusudia kueleza jambo moja tu, nalo ni namna mtu aendavyo kwa miguu katika pwani ya Pemba na katika njia zake za ndani, na maneno ayatumiayo mwenyeji kwa vitu avionavyo humo. Laonekana jambo dogo. Walakini mgeni asiyeyajua maneno haya hupotea, na pengine hufa maji; na mwenyeji akiyasahau, hasara yake hupita ile ya maneno.

Pemba ipo upande wa kaskazini wa Unguja, mwendo wa kilomita 50 hivi baharini, na urefu wake ni kilomita 67 hivi. Unguja imekaa juu ya ardhi moja na bara. Maji yaliyo kati yake na mrima si marefu, na zamani sana, bahari ilipokuwa chini kuliko sasa, mtu angaliweza kwenda huko kwa miguu. Pemba sivyo. Kati yake na pwani ya Tanga kuna kilindi ambacho kina chake chafika mita 800, na kwa sababu hiyo kisiwa hiki kina viumbe vyake chenyewe visivyopatikana mahali pengine duniani, kama yule popo mkubwa mla matunda aitwaye kwa jina la kisiwa, na ndege wanne ambao wataalamu wamewaandika kuwa ni wa Pemba tu.

Upande wa magharibi nchi imekatikakatika kwa ghuba na hori nyingi, na mbele yake vimepangana visiwa vidogo: Njao, Fundo, Uvinje, Kokota, Misali, Makoongwe. Nafasi zilizo kati ya visiwa hivyo huitwa milango, na maji hupita humo kwa nguvu, yakiingia na kutoka. Upande wa mashariki hauna hori nyingi kama hizo. Huko miamba imetanda, na wimbi la bahari kuu hupasuka mbali, mtu akaa mchangani na kulisikia. Kusini, kati ya Pemba na Nungwi, kuna mkondo ambao manahodha wote huuogopa. Katika mkondo huo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander ilizama ikiwa safarini kwenda Pemba, na mamia kwa mamia ya watu wakafa. Hakuna kijiji cha Pemba ambacho habari hii haikukigusa.

Na tuanze na neno lenyewe, pwani. Twalitumia kila siku bila kulifikiri. Asili yake ni kupwa, yaani maji kushuka na kuondoka, pamoja na ile -ni ionyeshayo mahali. Basi pwani kwa asili si mstari kama uchorwao katika ramani kutenga nchi na bahari. Ni mahali panapopwa, nchi ambayo mara mbili kila siku huwa ya samaki na mara mbili huwa ya watu. Mtu wa Pemba asemapo, "Bibi yuko pwani," pengine bibi huyo yu mbali kilomita nzima kutoka mchangani, amesimama juu ya mwamba, na baada ya saa sita mashua itapita juu ya mahali pale pale aliposimama.

Mchanga ulio ukingoni una jina lake, ufuo, na wengine husema ufukwe. Tena liko neno mwambao. Hili latokana na kuambaa, yaani kwenda kando ya kitu bila kukigusa na bila kukiacha, kama chombo kiambaavyo nchi kwa kuogopa bahari kuu. Kwa hiyo mwambao ni nchi kama aionavyo nahodha aliye chomboni, na pwani ni nchi hiyo hiyo kama aionavyo mtu aliyevua viatu. Waandishi wa siku hizi huyatumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja, nasi twaona ni hasara, maana lugha iliyotengeneza maneno mawili ilikuwa na haja nayo yote mawili.

Sasa tuje katika maji yenyewe. Mtu aliyezoea hana haja ya kitabu, huangalia mwezi. Siku za mwezi mwandamo, na tena siku za mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayajai sana wala hayapwi sana, nayo huitwa maji mafu. Katika bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa yafika mita 4 hivi. Katika maji mafu huwa mita 1 au zaidi kidogo.

Jambo la pili ni saa. Katika bahari yetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa kabisa mnamo saa kumi. Kisha kila siku hukawia kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao hukawia kadiri hiyo kutoka. Basi mtu ajuaye kwamba leo ni mwezi nne ataihesabu hivi: tangu mwezi mosi zimepita siku tatu, kila siku dakika 50, jumla dakika 150, yaani saa mbili na nusu, leo maji yatapwa kabisa mnamo saa sita na nusu za mchana. Na mwezi nane yatapwa mnamo saa kumi, lakini hayo yamekwisha kuwa maji mafu, wala miamba ya nje haitaonekana. Hesabu hii watoto wa pwani huijua kabla ya kujua kuandika. Ndiyo sababu wazee waliendelea kuishika hesabu ya mwezi hata baada ya kalenda ya Kizungu kuenea maofisini. Kalenda ile haisemi neno juu ya maji.

Lakini kwa pepo mwezi hautoshi, maana mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, na kusi na kaskazi hufuata jua. Kwa hiyo watu wa pwani walikuwa na hesabu nyingine pamoja na ile, ya siku 365, ikianzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, na kwenda kwa makumi yaitwayo miongo. Nahodha na mkulima waliuliza, "Leo mwongo wa ngapi?" wakajua wakati wa kutweka tanga na wakati wa kupanda. Huko Makunduchi, katika Unguja, Siku ya Mwaka ingali ikifanywa kila mwaka katika mwezi wa Julai. Mwenye kutembea pwani na afahamu pepo pia: katika kaskazi, tangu Desemba hata Machi hivi, jua ni kali, kusi ikivuma, maji ya upande wa mashariki huchafuka, na katika tanga mbili, wakati upepo ubadilikapo, bahari hutulia ikawa kama mafuta katika sahani.

Jambo la tatu ndilo liuwalo wageni. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tukiigawa safari yote ya maji, tangu kupwa kabisa hata kujaa kabisa, katika mafungu 12, basi saa ya kwanza hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne mafungu 3, ya tano mafungu 2, na ya sita fungu 1. Kwa hiyo, katika bamvua ya mita 4, katika saa ya tatu peke yake maji hupanda mita nzima, yaani kutoka miguuni hata kiunoni mwa mtu mzima. Mgeni aliyeko mwambani huona kwamba saa ya kwanza maji yamepanda kidogo tu, akajiambia kwamba bado ana nafasi. Tena mwamba wa nje aghalabu u juu kuliko mahali palipo nyuma yake; kati yake na ufuo kuna bonde la maji, na bonde hilo hujaa kwanza. Mtu yu pakavu bado, na njia yake ya kurudi imekwisha kuwa kilindi. Wenyeji hawangoji kuona. Maji yakisimama tu, kabla hayajageuka, hubeba vikapu vyao wakarudi.

Methali isemayo kwamba maji yakijaa hupwa, watu wa bara huisema kwa kuwafariji wenye dhiki. Pwani wengi huisema hivyo pia, lakini wao huijua kwanza kama habari ya kweli ya mchana huu. Na ile nyingine, bahari haishi zinge, imetuhifadhia neno ambalo halisikiki sana nje ya methali hiyo: zinge ni mzunguko, kugeuka-geuka, kutokana na kuzinga.

Kwenda pwani kwa miguu ni kazi ya wanawake zaidi, na wanaume kazi yao zaidi ni chomboni. Wanawake huokota chaza, kombe na kome. Hutanda dagaa na uduvi kwa nguo katika maji ya magotini. Na huchokoa pweza kwa fimbo nyembamba. Pweza ni mjanja, lakini ana tabia moja imwumbuayo: akila kaa na kombe hutupa maganda mlangoni pake, na mwenye macho huona rundo lile dogo akajua kuna mtu nyumbani. Fimbo huingizwa, mkono hauingizwi kamwe, kwa kuwa shimo lile pengine ni la mkunga, naye meno yake hayaachi alichoshika. Mgeni afuatanaye nao avae viatu vya kufunga mguu, maana miamba ina wanyama wa miba mirefu myeusi ivunjikayo ndani ya nyama.

Tangu mwaka 1989 kazi nyingine imeingia katika pwani ya Zanzibar, nayo ni kupanda mwani. Ilianza Unguja ikafika Pemba, na leo Pemba ndiyo itoayo sehemu kubwa ya mwani wa visiwa hivi. Vigingi hupigwa mchangani, kamba hufungwa kati yake, na vitawi vya mwani hufungwa katika kamba moja moja. Maji yakijaa vyote hufunikwa, yakipwa wanawake huenda kuangalia. Mpita njia aonapo kamba hizo na azizunguke. Kwa macho ya mgeni ni bahari tupu, kumbe ni shamba la mtu, na amelisomeshea watoto. Miaka hii aina ya mwani iliyo na bei zaidi imekuwa ikifa katika maji ya karibu na ufuo, kwa kuwa maji hayo yamezidi kuwa ya moto, na wenye mwani wapaswa kwenda mbali zaidi, wengi wao wakiwa hawajui kuogelea.

Katika hori za magharibi mchanga hukoma na mikoko huanza. Mtu wa bara huita miti yote hiyo mikoko, lakini mwenyeji huitenga. Mkoko wenyewe ni ule usimamao juu ya mizizi kama mtu aliyesimama juu ya miguu mingi. Mchu hutoa mizizi yake juu ya tope kama vidole. Mkandaa hutoa gome la kutia rangi na kutengeneza ngozi. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo lisiloliwa. Boriti za nyumba zilitoka katika mikoko, na majahazi yalizichukua hata Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti. Na vyumba vya nyumba za zamani, huku kwetu na huko kwao, ni vyembamba kwa sababu boriti haizidi urefu wake. Njia zipitazo katika mikoko ni za maji kupwa tu, na tope lake lataka mtu aende polepole, akikanyaga penye mizizi.

Matembezi mazuri kuliko yote, kwa maoni yetu, ni yale ya kaskazini. Mtu huondoka Konde akaingia katika msitu wa Ngezi, ambao ni mabaki ya msitu uliofunika sehemu kubwa ya nchi kabla ya mikarafuu. Ukubwa wake wapita hekta 1,400. Humo mna mivule mirefu, na mitondoo, na ule mnazi wa mwitu uitwao mpapindi. Na jua halifiki chini ila kwa vipande. Wenyeji wana mahali pao pa heshima humo, nao hawapendi kelele. Mgeni mwenye adabu hataiuliza sababu mara mbili. Msitu ukiisha, njia hugawanyika. Mkono wa kuume ni Vumawimbi. Jina hili lajieleza lenyewe: ni kuvuma na wimbi, na mtu huusikia uvumi huo kabla hajauona ufuo, ambao ni mweupe na mrefu na aghalabu hauna mtu ila wavuvi. Mkono wa kushoto ni Verani na Panga ya Watoro, jina litajalo watu waliotoroka, nasi katika nchi iliyokuwa na watumwa hatuna haja ya kuuliza walitoroka nini. Mbele kabisa ni Ras Kigomasha, penye mnara wa taa uliojengwa zama za Waingereza. Mwenye kutaka kuizunguka rasi kwa pwani na aanze maji yakiwa yanatoka, si yakiwa yanaingia, kwa kuwa penye majabali bahari ikijaa hakuna ufuo wa kurudia.

Njia za ndani zina maneno yake. Barabara ni ya magari. Njia ni ya watu. Ujia ni wa mtu mmoja nyuma ya mwenziwe. Nchi ya Pemba ni ya vilima na mabonde yafuatanayo, mikarafuu na minazi juu, mpunga chini, na njia hupanda na kushuka kutwa nzima. Wakulima huijua ardhi kwa majina, na mwenye miguu na ayajue pia. Kinongo ni udongo mwekundu mzuri kwa karafuu, nao huteleza mvua inyeshapo. Kichanga hunywa maji, hata baada ya masika mtu hupita pakavu. Kinamo ni udongo wa mabondeni ushikao mguu usiuachie. Uwanda na maweni ni nchi ya mawe ya matumbawe, yenye ncha, pasipofaa mtu kwenda peku. Mtu akikuambia, "Njia hiyo ni kinamo tupu," amekwisha kukushauri.

Mikarafuu ya Pemba ilipata ukubwa wake kwa msiba wa wengine. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba haikupata madhara kama hayo. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa mama wa karafuu. Wakati wa kuchuma, majamvi hutandikwa kando ya njia, na karafuu huanikwa juu yake hata zikawa rangi ya kahawia, na makonyo yake huanikwa mbali. Harufu humfuata mtu toka kijiji hata kijiji. Hakuna mtu azipitiaye kwa mguu, hata mtoto. Mvua ikitishia, mpita njia, awe mgeni au mwenyeji, huweka mzigo wake chini na kusaidia kukunja jamvi. Hatukupata kusikia mtu akishukuriwa kwa kazi hiyo. Si msaada, ni desturi.

Desturi nyingine ni ya maamkizi. Mtu hapiti mbele ya baraza kimya. Hutoa salamu kwanza, na kijana huwashikia miguu wazee, kisha huulizwa aendako. Wageni kutoka miji mikubwa huliona swali hili kuwa la udadisi, na pengine hujibu kwa ufupi. Kumbe swali ni la kumlinda. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wenda wapi?"

"Naenda pwani, babu."

"Na leo mwezi ngapi?"

Mjukuu asiyejua jibu la swali la pili atawekwa kitako, apewe dafu, na kuambiwa apumzike kidogo mpaka jua lishuke. Ajuaye adabu hukaa. Ama kuhusu umbali, twaonya kwamba "hapo mbele tu" katika Pemba yaweza kuwa dakika tano au saa nzima. Msemaji hakusudii kudanganya, ila apima kwa miguu yake mwenyewe.

Aliyepotea ana msaada mmoja ambao nchi nyingi hazina. Maka na Pemba ziko karibu katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo kibla ya Pemba ni kaskazini hasa, bila kupinda kwa kiasi cha kuhesabiwa. Kila msikiti, hata uliobomoka kukabaki ukuta mmoja, mihirabu yake yaonyesha kaskazini. Na makaburi nayo hulala mashariki na magharibi. Mtu akikuta gofu porini ameikuta dira.

Na magofu ni mengi. Katika Ras Mkumbuu, ulimi mrefu wa nchi magharibi ya Chake Chake, uko msikiti wa zamani na makaburi ya minara, yaliyopambwa zamani kwa vyombo vya kaure. Mwandishi Mwarabu Al-Masudi, aliyesafiri bahari hizi mnamo mwaka 916, alitaja mji wa Kanbalu, na wataalamu wengi wanaona kwamba ulikuwa Pemba. Kaskazini, karibu na Tumbe, wachimbaji wamepata mji uliokaliwa tangu karne ya 7 hata ya 10, na jirani yake Chwaka, uliokaliwa baada yake hata karne ya 16. Mashariki uko Pujini, ngome ya karne ya 15, penye hori ya kuingizia vyombo. Mwenye ngome hiyo watu humwita Mkama Ndume. Kukama ni kukamua, kama mtu akamavyo ng'ombe; basi mkama ndume ni mwenye kuwakamua wanaume. Yasimuliwa kwamba aliwachukuza raia zake mawe vichwani huku wakienda kwa matako, na kwamba kisima chake kilitiwa ukuta kati ili wake zake wawili wasionane. Visa hivi si ushahidi wa mahakamani, ila jina lenyewe ni ushahidi: watu hawampi mtawala mwema jina la namna hiyo na kulishika miaka mia tano.

Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, jina lake wenyeji hulifungamanisha na msala, yaani mkeka wa kusalia. Wasema kwamba Nabii Khidhr alifika hapo akawaomba wavuvi msala, nao hawakuwa nao; akasema kwamba kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Wavuvi hupiga dago humo, yaani kambi ya siku kadha wa kadha mbali na nyumbani. Watu wa Kojani ndio wenye sifa kuu ya kwenda dago, hata katika pwani za bara. Kasa hupanda ufuoni kutaga. Mwaka 1998 Misali ilifanywa mahali pa hifadhi, na mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa ishike mkondo wote wa magharibi. Kisa cha msala kilitumika sana katika kuwaeleza wavuvi jambo hilo, na kilieleweka upesi kuliko hotuba za maofisa.

Yatupasa sasa kusema jambo linalotutia wasiwasi. Bahari inaingia. Katika vijiji kadhaa vya Pemba maji ya chumvi yamepita mikoko yakaingia katika mabonde ya mpunga, na bonde lililonywa chumvi halitoi mpunga tena kwa muda mrefu. Watu wamejenga matuta, na mahali pengine kuta, na kupanda mikoko upya palipokatwa. Watu wa Kokota, ambao kisiwa chao kilikuwa kimebaki karibu kitupu, wamepanda miti mingi. Katika Kisiwa Panza wameafikiana kuufunga mwamba kwa miezi, asichokolewe pweza hata mmoja, kisha kuufungua siku ya bamvua, pweza wakiwa wamekua.

Na hapa ndipo majina yanapoingia. Ili kufunga mwamba, ni lazima watu wajue ni mwamba upi, waanzia wapi na kukoma wapi. Na mipaka hiyo haimo katika ramani yoyote. Craster, Mwingereza aliyeandika kitabu chake juu ya Pemba mwaka 1913, na wapimaji waliomfuata, waliandika majina ya rasi, vijiji na visiwa, yaani mambo ya mwambao. Majina ya pwani, ya kila jiwe na kila bonde la maji lionekanalo saa mbili tu katika bamvua, hawakuyaandika, kwa kuwa wao walikuwa chomboni au farasini, na wayajuao walikuwa wanawake wenye vikapu. Lahaja za Pemba alizichunguza Whiteley katika kitabu chake cha 1958. Lakini orodha ya majina ya miamba ni kazi nyingine. Leo binti wengi wa vijiji hivyo wako shuleni saa nne za asubuhi, maji yapwapo, nasi hatuwezi kuwalaumu wala kutamani wasiwe huko. Ila bibi zao wanazeeka.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu walioko Pemba, hasa waalimu, wafanye hivi. Wachague siku mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Wamwombe bibi mmoja ajuaye pwani ya kijiji chao awachukue, wafike mchangani saa tatu asubuhi, na wamfuate nyuma bila kumtangulia. Waandike kila jina alitajalo kama alitamkavyo, wasilisahihishe kwa Kiswahili cha vitabu. Waandike na sababu ya jina akiijua, na kitu kipatikanacho hapo, na kama mahali hapo hufunikwa mapema au baadaye maji yarudipo. Bibi akisema turudi, warudi.